Soko la Waliosimama

Nianze na neno lenyewe maana ndo lilinichanganya kabla hata sijafika. Souq Waqif, soko la Doha, Qatar. Sisi watu wa pwani ukisikia waqif akili inakimbilia kwenye wakfu, nyumba ya wakfu, shamba la wakfu, mali ambayo marehemu kaiacha kwa ajili ya msikiti na hakuna mtoto wala mjukuu wa kuiuza, kwahiyo mimi nikajua kabisa hili ni soko la wakfu na nilishalitungia hadithi yake kichwani. Kumbe sio. Mzizi ni huo huo mmoja, kusimama, ila wakfu ni mali iliyosimamishwa isihame mikono, na waqif ni mtu aliyesimama kwa miguu yake. Soko la waliosimama, basi.

Walisimama kwa nini? Doha ya zamani ilikuwa kimji cha wavuvi na wazamiaji lulu, na katikati yake lilipita korongo la Wadi Musheireb kuelekea baharini. Mabedui walitoka jangwani na kondoo, sufi, samli na kuni, watu wa mji wakaja na samaki na vitu vya majahazini, wakakutana kwenye kingo za lile korongo, na maji yakijaa, ya mvua au ya bahari, sehemu kavu ilikuwa ndogo na huwezi kutandika mkeka kwenye tope. Mtu anauza amesimama, bidhaa begani, basi. Hakuna kizimba, hakuna meza, hakuna namba ya mlango. Mimi niliposimuliwa hivyo nikacheka peke yangu pale, maana hao watu sisi tuna jina lao. Ni machinga. Soko maarufu kuliko yote Qatar limepewa jina la machinga.

Shikilia hilo, nitalirudia.

Nilifika jioni kwa treni ya chini ya ardhi, nauli riyali 2, kituo kina jina la soko lenyewe, unapanda ngazi ya umeme unatoka kwenye ubaridi wa friji unaingia kwenye joto linalokubandika shati mgongoni. Na hapo macho yanagombana. Mkono huu kuta za udongo rangi ya biskuti, vichochoro, njiwa, moshi wa udi. Geuza shingo, ng'ambo ya maji, maghorofa ya West Bay yanawaka kama kadi ya harusi. Nyuma yako ni Msheireb, mtaa mzima uliobomolewa ukajengwa upya kwa vioo na mawe meupe. Na katikati ya soko lenyewe wamesimamisha kidole gumba kikubwa cha rangi ya dhahabu, sanamu ya Mfaransa César, watu wanapanga foleni kupiga nacho selfi. Mimi pia nilipiga, sitaki kuwa mnafiki.

Sasa kuna lawama moja utaisikia kwa kila mtu anayejiona mjanja wa kusafiri, kwamba Souq Waqif ni feki. Na ukitazama tarehe hawajakosea sana. Soko lilikuwa limechoka tangu zije supamaketi na mahoteli ya fedha za mafuta na gesi, watu wakajenga juu yake kwa simenti na mabati, na mwaka 2003 moto ukapita ukala sehemu kubwa. Ndipo Diwani ya Amiri, ofisi ya mtawala wa nchi, ikaingia, kazi akapewa msanii wa Kiqatari anaitwa Mohamed Ali Abdullah, na alichofanya kilikuwa kinyume cha mambo tuliyoyazoea sisi, badala ya kubomoa ya zamani ajenge mapya akabomoa mapya kurudisha ya zamani. Majengo ya kuanzia miaka ya 1950 kuja juu yakavunjwa, mabati yakang'olewa, yale ya kale zaidi yakakarabatiwa kwa kufuata picha na kumbukumbu za wazee, nyaya na viyoyozi vikafichwa. Kufikia 2008 kazi ilikuwa imeisha, na 2010 ikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya usanifu ya Aga Khan. Kwahiyo ndio, ukuta unaouegemea ukipiga picha ya "soko la kale" inawezekana kabisa ni mdogo kuliko simu ya kwanza uliyomiliki.

Ila mimi swali la feki au sio feki naliona ni swali la mtalii. Mtalii ndo anataka kujua ukuta una miaka mingapi, kama vile anaununua. Udongo wa jangwani haudumu bila kukandikwa upya kila baada ya muda, hata babu zao walikuwa wanakandika. Na tena kama unatafuta kitu cha kweli mle ndani usiangalie ukuta, inua kichwa angalia dari.

Kwenye dari kuna boriti. Fito nyeusi nyeusi zilizopangwa kama mbavu, juu yake mianzi iliyopasuliwa, juu yake mkeka, juu yake tena udongo na majani makavu. Mtu wa Lamu au wa Unguja ukimuingiza mle bila kumwambia yuko wapi atakwambia yuko kwa bibi yake. Watu wa Ghuba wanaziita danchal au chandal, ni mikoko. Na mikoko ya kutoa boriti za nyumba, Ghuba hawana. Wanayo ile myembamba myembamba ya pembeni mwa maji, haiwezi kubeba dari. Kwa karne na karne boriti zilitoka kwetu, delta ya Rufiji, Lamu, zikakatwa, zikafungwa kwa korija, yaani fito ishirini ishirini, zikapakiwa kwenye majahazi yakasubiri upepo wa kusi yakapanda nazo kaskazini, na kaskazi inapogeuka yakashuka na tende, chumvi, samaki wakavu, mazulia. Ndo maana vyumba vya kale vya Ghuba ni vyembamba kama vya Lamu, karibu mita tatu hivi, huwezi kwenda upana zaidi ya urefu wa mti. Fundi wa Doha alikuwa anajenga chumba cha kipimo cha msitu wa Rufiji ambao hajawahi kuuona wala babu yake hajawahi kuuona. Baadaye likaja zege, na miaka ya 1980 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje, biashara ikawa imekwisha kabisa. Zile za soko baada ya ukarabati sijui mti gani ulikatwa wapi na sitajifanya najua, ila umbo lile, kile kipimo, ni chetu, na hakuna kibao hata kimoja nilichokiona kinachosema hivyo. Mwongozaji aliyekuwa na kundi la Wazungu karibu yangu aliwaambia tu ni "mbao za asili". Za asili ya wapi, mzee?

Nikaendelea kutembea na hicho kinyongo changu kidogo hadi kwenye viungo, nikapoa. Maana pale lugha inakufanya mwenyeji kwa lazima. Zafarani ni zafarani, hiliki wanasema hel, udi ni udi, halua ni halua. Kuna kina mama wa Kiqatari wamekaa na vijimeza vyao wanauza chakula cha nyumbani, mmoja anakaanga vitu nikasema hizi si kaimati hizi, akaniambia luqaimat, tukatazamana kama watu waliosoma shule moja miaka tofauti. Muuza ubani alikuwa Mhindi wa Kerala, Kiarabu chake cha dukani na Kiingereza chake cha dukani, mimi nina Kiswahili na Kiarabu cha madrasa, na bado tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wakala wa bima. Akitaja bei nasema ghali, anaelewa. Nasema rahisi, anaelewa, maana kwao rakhis ni bei ya chini, na ndo hapo nikagundua kwamba sisi tulivyolichukua lile neno tulilichukua sokoni kwanza halafu tukalipeleka kwenye mitihani ya hesabu. Soko lenyewe ni suq, duka ni dukkan, dalali, mizani, bidhaa, faida, hasara, deni, rasilimali ambayo kwao ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Ukiyatoa maneno haya yote kwenye Kiswahili mfanyabiashara wa Kariakoo atabaki anaongea kwa mikono.

Na hamali. Nisimpite hamali.

Mle sokoni gari haliingii, kwahiyo mizigo inabebwa na wazee wenye matoroli ya tairi moja, wamevaa vizibao rangi ya damu ya mzee, wengi ni watu wazima kweli kweli, ndevu nyeupe, niliojaribu kuongea nao mmoja alitoka Iran na mwingine Balochistan upande wa Pakistan. Mama ananunua sufuria la kupikia harusi (sufuria lile unaweza kumlaza mtoto), hamali anamfuata nyuma na toroli duka hadi duka, kimya, kama kivuli chenye gurudumu. Watalii wanawapiga picha sana. Mimi nilimuuliza yule wa Balochistan anafanya kazi hii muda gani akasema tangu soko likiwa bado la mabati. Sasa fikiria hilo. Yeye ni mkongwe kuliko jengo analobebea mizigo. Wakifanya uchunguzi wa kitu gani pale ni cha asili basi majibu yatatoka yeye, toroli, na zile bei za kubishana.

Hapa ndo narudi kwenye machinga wangu. Nilizunguka lile soko jioni mbili, nikapita kwenye ndege wa kufuga, kasuku na njiwa na hata sungura waliofungiwa, nikapita kwenye soko la vipanga ambako ndege amekaa kwenye kigingi na kofia ya ngozi kichwani na ana hospitali yake hatua chache tu pale, ya kwake peke yake, yenye madaktari, na akisafiri baadhi ya mashirika yanamkalisha kwenye kiti na mwenyewe. Nikaona maduka ya kamba, ya magunia, ya majiko ya mkaa, ya nguo za kushona, ambayo kwa kweli nawapongeza kwa kuyaacha, wangeweza kuyafukuza yote wakaweka manukato na kahawa ya elfu thelathini. Ila mtu aliyesimama na bidhaa yake begani akiuza sikumuona. Hata mmoja. Kila muuzaji ana mlango au kijimeza chake, kila mlango una leseni, na askari wanapita juu ya farasi weupe wazuri sana ambao nao watu wanawapiga picha. Soko la waliosimama halina aliyesimama, isipokuwa hamali akisubiri mzigo.

Na sio kwamba Doha haina watu wa kuuza wamesimama. Nchi ina watu kama milioni 3 na raia wenyewe ni sehemu ndogo sana, kama mmoja kati ya kumi hivi, waliobaki ni sisi, maana yake Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, Wafilipino, Wakenya, Waganda. Kituo cha treni nilikuta askari wa kampuni ya ulinzi akasikia nikiongea na simu akanisogelea.

"Sasa kaka, wewe ni wa Mombasa ama Tanzania?"

"Dar."

"Ah, nilijua tu, hicho Kiswahili kina pole."

Ni wa Kakamega, ana mwaka wa tatu pale. Nikamuuliza kama huwa anakuja sokoni akasema anakuja sana siku ya off, anatembea, anapiga picha anawatumia nyumbani, ila kununua hanunui, ananunua kule Industrial Area wanakokaa, huku ni "kuona macho tu kaka". Tukapiga hesabu. Kima cha chini cha mshahara kisheria tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, na kama mwajiri hatoi malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Elfu moja gawa kwa siku thelathini ni riyali 33. Mimi usiku ule nilikula nyama ya kuchoma na juisi kwenye zile baraza za sokoni ikakaribia riyali 80. Yaani nilikula siku mbili na nusu za mtu wa kima cha chini kwa dakika arobaini, na sikushiba vizuri.

Sasa sio lazima kila mtu ale pale, hata Dar kuna hoteli mimi naziona kwa nje tu miaka yote. Shida yangu ni ya ndani zaidi kidogo. Wale waliosimama kwenye tope la Wadi Musheireb ndo walikuwa watu wa chini wa wakati ule, bedui na kondoo wake wawili, mzamiaji lulu aliyerudi na deni. Biashara ya lulu yenyewe ilikufa miaka ya 1930 Wajapani walipojaza masoko kwa lulu za kufuga, watu wakalala njaa mpaka mafuta yalipoanza kuuzwa nje 1949. Soko lilikuwa la hao. Leo watu wa aina ile wapo, wamejaa, ni wa Kakamega na Kathmandu, na soko lililotengenezwa kuwakumbuka waliosimama linawaruhusu kuingia watazame.

Na kuna nyumba moja pale Msheireb, dakika chache kwa mguu kutoka sokoni, nawashauri wote mkipita Doha mkaione kabla ya kununua udi. Bin Jelmood House. Aliyekuwa anaimiliki alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, na Waqatari wenyewe wameigeuza makumbusho ya utumwa tangu 2015, hawakuficha, wamesema watu waliletwa kutoka Afrika Mashariki wakazamia lulu na kubeba mizigo, na kwamba utumwa kisheria ulifutwa 1952 tu. 1952, mama yangu alishazaliwa. Niliposoma lile ndo nikajibiwa swali langu la boriti. Majahazi yale yale, upepo ule ule wa kusi, shehena mbili. Moja ikawa dari. Nyingine ikawa chini ya dari. Heshima yangu kwa makumbusho ile ni kubwa kuliko kwa soko lote, maana soko linasema "asili" na hapo linanyamaza, nyumba ile inasema asili ya nani.

Najua kuna msomaji kashaanza kusema huyu naye kaenda kwa watu kula nyama yao na kurudi kuwasema. Hapana, subiri, zamu yetu.

Kariakoo iliungua Julai 2021, ile shimoni na ghorofa lake lenye miavuli ya zege, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli ya miaka ya 1970, moja ya majengo mazuri kabisa nchi hii. Januari 2022 likaungua soko la mitumba Karume. Gikomba Nairobi inaungua mara nyingi mpaka imekuwa kama msimu wa mvua. Moto tunao wa kutosha, na baada ya kila moto swali la kwanza linalojadiliwa kwenye redio ni jengo, ghorofa ngapi, mkandarasi nani, lini linafunguliwa. Nani atarudi ndani kwa kodi gani ni swali la tatu au la nne, na la aliyekuwa nje ya jengo akiuza amesimama haliulizwi kabisa, maana yeye kwenye karatasi hakuwepo. Mwishoni mwa 2021 hiyo hiyo machinga wakaondolewa barabarani nchi nzima wapelekwe maeneo yaliyopangwa. Na tuna ushahidi wa zege unaosimama Ilala, Machinga Complex, jengo lililojengwa kwa jina la machinga ambalo machinga wenyewe kwa miaka walilikimbia, kwa sababu ni ghorofa, na mteja wa mkanda wa elfu tano hapandi ngazi. Machinga hauzi bidhaa peke yake, anauza kule kukukuta ulipo. Ukimpa mlango umemnyang'anya mtaji.

Tofauti yetu na Doha ni kwamba wao walikuwa na pesa na mwamuzi mmoja, wakalirudisha soko kwa uzuri unaokufanya unyamaze, na wakaliachia jina la watu waliowatoa. Sisi tunawatoa na jengo lenyewe halipendezi. Na huko Al Wakrah, kusini mwa Doha, wamejenga soko jingine la mtindo ule ule pembeni mwa bahari, vichochoro, milango ya mbao, kila kitu, kwahiyo dawa imeshakuwa ya kunakili, na mimi nina wasiwasi kwamba kuna kiongozi wetu siku moja atapelekwa ziara kule, atapenda, na atarudi na picha kwenye simu.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Congo, saa kumi na mbili jioni, ubani wangu wa Doha bado kwenye begi. Kijana ana mikanda kama ishirini begani, mingine shingoni.

"Bei gani?"

"Elfu saba, ila wewe bro chukua tano."

"Tatu."

"Tatu hainilipi bro, ngozi hii, shika uone." Ananiongelesha ila macho yako kwenye kona ya mtaa. Mluzi ukapigwa sehemu, akakusanya mikanda yote kwa mkono mmoja kama anakamata kuku.

"Nisubiri hapo hapo," akaniambia, tayari ameshageuka. "Wakipita narudi, tutamalizana kwa nne."